UPEPO WA KOMPRESA: BOMBA GANI, CHUJIO GANI?

Kwa mafundi na wote wanaojifunza ufundi

Rangi ikitoka na matone ya maji, mara nyingi kosa si la rangi, ni la upepo. Hapa Kizuka, kando ya Ziwa Tanganyika, hewa ina unyevu mwingi. Kompresa ikijaza upepo hadi bar 8, mita 9 za ujazo za hewa hubanwa na kuwa 1. Hewa hiyo ikipoa, maji karibu glasi moja hubaki ndani ya tangi na mabomba.

1. UPANA WA BOMBA
Ukipunguza upana wa bomba kwa nusu, upotevu wa nguvu ya upepo huongezeka mara 30 hivi. Kwa kompresa ndogo ya lita 300 kwa dakika, bomba la chuma la nusu inchi linatosha kwa mita 20. Kama ni mbali zaidi, au kompresa ni kubwa zaidi, weka la robo tatu inchi.

2. MTEREMKO
Bomba lishuke sentimita 1 kwa kila mita, kutoka kwenye kompresa kwenda mbele. Mwisho wake weka koki ya kutolea maji. Matawi yaanzie juu ya bomba kubwa, ili maji yasiyafuate.

3. CHUJIO
Usilifunge karibu na kompresa. Pale upepo bado ni wa moto, na maji hupita yakiwa mvuke. Lifunge karibu na anayefanya kazi, kikombe chake kikiangalia chini. Soma lita zilizoandikwa: kama bunduki ya rangi hutumia lita 200 kwa dakika, chagua chujio la lita 300. Chujio dogo huziba njia. Kwa zana za kawaida, chujio la maikroni 40 linatosha. Kwa rangi, tafuta la maikroni 5.

4. HATARI
- Usipitishe upepo katika mabomba ya plastiki ya maji. Hupasuka kama kioo, na vipande vyake hujeruhi watu.
- Toa maji ya tangi kila jioni. Maji hulitia kutu kwa ndani, na tangi lililoliwa na kutu laweza kulipuka.
- Usizibe wala kukaza valvu ya usalama.

Ukisha kusoma, msomee na mwenzako asiyejua kusoma.