Tawi Mlangoni: Ishara za Mvinyo na Bia ya Nyumbani katika Ulaya ya Kati

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina mwenzake katika lugha ya Kiingereza, isemayo kuwa mvinyo mzuri hauhitaji tawi. Shakespeare naye aliitumia katika maneno ya tamati ya tamthilia yake, As You Like It. Msomaji wa leo huenda akajiuliza: tawi na mvinyo vina uhusiano gani? Jibu limo katika desturi kongwe ya Ulaya. Mwuza mvinyo aliangika tawi la mmea nje ya nyumba yake ili wapita njia, ambao wengi wao hawakujua kusoma, wafahamu kwamba humo mna kinywaji. Kwa Waingereza wengi wa leo, tawi hilo limebaki katika methali tu. Katika Ulaya ya Kati, hata hivyo, lingali likiangikwa na kuondolewa mlangoni hadi leo.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mwenyeji au mgeni wa sehemu hizo anavyotambua kwamba leo, katika nyumba hii wala si ile, kuna mvinyo au bia iliyotengenezwa papo hapo, pamoja na chakula, muziki na mazungumzo. Mifano mitatu itaangaziwa: tawi la msonobari mjini Vienna, tawi la uwanda wa Karst, na nyota ya eneo la Oberpfalz nchini Ujerumani. Hoja kuu ni kwamba ishara ya aina hii hupata maana yake kutokana na nyakati ambazo haipo.

Tawi la Msonobari mjini Vienna

Vienna, mji mkuu wa Austria, una takriban hekta 600 za mizabibu ndani ya mipaka yake. Katika vitongoji kama vile Grinzing, Nussdorf, Neustift am Walde na Stammersdorf, wakulima huuza mvinyo wao katika nyua na bustani zao wenyewe. Chimbuko la kisheria la uhuru huo ni amri ya Kaisari Joseph wa Pili, iliyotolewa tarehe 17 Agosti 1784. Kwa mujibu wa amri hiyo, kila mtu aliruhusiwa kuuza vyakula na mvinyo aliozalisha mwenyewe, wakati wowote wa mwaka na kwa bei aliyoitaka.

Mkulima anapokuwa tayari kupokea wageni, huchomeka mtini fungu la matawi ya msonobari na kuliangika juu ya lango. Wenyeji husema "ausg'steckt is", yaani limechomekwa nje. Kauli hiyo haimtaji mvinyo wala mgeni, lakini kila aisikiaye huelewa kwamba mlango u wazi. Siku za kuuza zikiisha, tawi huondolewa na mkulima hurejea shambani.

Majina yenyewe yanastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha. Nyumba ya aina hii huitwa Buschenschank, neno linalounganisha fungu la matawi na kitendo cha kuuza kinywaji. Ishara imekuwa sehemu ya jina la mahali. Jina la pili ni Heuriger, linalotokana na neno lenye maana ya "-a mwaka huu". Awali hurejelea mvinyo mpya, ambao kimapokeo huitwa hivyo hadi Siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba ya mwaka unaofuata. Kwa njia ya taashira, jina la kinywaji limehamia kwenye nyumba kinamonywewa, na hata kwenye jioni yenyewe. Jioni hizo zilizaa muziki wake pia: mnamo mwaka 1878 ndugu Johann na Josef Schrammel waliunda kikundi ambacho jina lao lingali likiutambulisha muziki wa nyumba hizo.

Siku Nane za Karst

Desturi hii haikukomea Vienna. Uwanda wa mawe wa Karst, ambao leo umegawanyika kati ya Slovenia na eneo la Trieste nchini Italia, ulikuwa sehemu ya milki hiyo hiyo. Huko, nyumba ya mkulima iliyofunguliwa kwa muda huitwa osmica kwa Kislovenia na osmiza kwa Waitalia. Mzizi wa jina ni neno "osem", yaani nane, kwa kuwa kimapokeo mkulima aliruhusiwa kuuza kwa siku nane. Vienna jina limetokana na ishara na mwaka; Karst limetokana na muda.

Ishara ya huku pia ni tawi, aghalabu la mmea utambaao ukutani, ambao majani yake hubaki ya kijani hata wakati wa baridi. Tawi haliishii mlangoni. Huangikwa kwenye njia panda likiandamana na mshale wa mbao, kisha jingine kwenye kona ifuatayo, hadi mgeni afike uani. Kwa namna hii njia nzima hugeuka kuwa sentensi: kila tawi ni neno, na lango ndilo nukta.

Nyota ya Oberpfalz

Kaskazini mwa Oberpfalz, katika jimbo la Bavaria, kinywaji kinachotangazwa si mvinyo bali bia. Katika miji midogo ya Windischeschenbach, Neuhaus, Falkenberg, Mitterteich na Eslarn kuna majengo ya kupikia bia yanayomilikiwa kwa pamoja. Wenye haki ya kupika huenda huko kwa zamu, hupika kwa moto wa kuni, kisha kila mmoja hubeba maji ya kimea nyumbani na kuyachachusha katika sela yake. Bia ikiwa tayari, huangika nje ya nyumba nyota yenye pembe sita. Kwa kawaida nyumba hufunguliwa kwa siku chache, kisha zamu humwendea jirani.

Bia hiyo huitwa Zoigl. Neno hili ni umbo la kilahaja lenye uhusiano na neno la Kijerumani limaanishalo ishara. Kwa maneno mengine, anayeagiza bia hiyo anaagiza "ishara".

Nyota yenyewe huelezwa kuwa muungano wa pembetatu mbili: moja huwakilisha moto, maji na hewa, nyingine huwakilisha maji, kimea na hopsi. Hamira haimo, kwani kazi yake haikueleweka zamani. Umbo hili ni sawa na lile la Nyota ya Daudi, ilhali hapa halirejelei dini. Mfano huu unathibitisha kauli ya Ferdinand de Saussure kwamba uhusiano kati ya kiashiria na kiashiriwa ni wa kinasibu: umbo moja laweza kubeba maana mbili zisizohusiana, mradi kila jamii ina mapatano yake.

Kutokuwepo Kuliko na Maana

Ishara hizi tatu zinashabihiana na jambo ambalo kila mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili analifahamu. Katika jozi "tunda" na "matunda", wingi umedhihirishwa na kiambishi ma-, ilhali umoja hauna kiambishi kinachosikika. Hata hivyo, hakuna mzungumzaji anayedai kwamba "tunda" halina idadi. Pengo hilo, ambalo wanaisimu huliita mofimu kapa, lina maana kwa sababu linapingana na umbo lililojazwa.

Lango lisilo na tawi ni mofimu kapa ya kijiji. Linasema: "Leo hapana; mwenye nyumba yumo shambani; nenda kwa jirani." Kauli hiyo hulinda mambo mawili. Kwanza, humlinda mgeni asipoteze safari. Pili, huwalinda majirani wenyewe, kwani mmoja anapoondoa tawi au nyota, mwingine hupata zamu ya kuuza.

Ishara Isiyoondolewa

Kutokana na hoja hiyo tunaweza kuielewa hatari inayozikabili ishara hizi. Nchini Austria jina Buschenschank limefungwa na sheria kwa mkulima anayeuza mazao yake, ilhali jina Heuriger laweza kutumiwa pia na mikahawa yenye leseni ya kawaida. Baadhi ya mikahawa hiyo hufunguliwa karibu mwaka mzima, na tawi lake halishuki. Tawi la namna hii ni pambo. Linamwambia mgeni kwamba mahali hapa panafanana na nyumba ya mkulima, lakini halimwambii lolote kuhusu leo. Huko Oberpfalz nako viwanda vya kibiashara vilianza kuuza bia kwa jina la Zoigl, hata wapikaji wa majengo ya pamoja wakalazimika kubuni alama ya kutambulisha Zoigl halisi. Ishara ilihitaji ishara nyingine ya kuithibitisha.

Je, kalenda zilizochapishwa na zile za intaneti, ambazo huorodhesha siku za kila nyumba, zimeliondolea tawi kazi yake? La hasha. Kalenda hutangaza nia iliyopangwa miezi mingi kabla. Tawi hutangaza hali ya saa hii. Pipa likikauka mapema, kalenda haijui, bali tawi hushushwa. Anayetafuta nyumba iliyo wazi hufanya vyema kuisoma kalenda kabla ya safari na kulitazama lango afikapo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tawi na nyota ni matangazo yanayotegemea uaminifu wa anayeyaangika, na kwamba uaminifu huo hupimwa siku ya kuyashusha. Wahenga wa Kiswahili walitahadharisha kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wenye mizabibu wa Vienna nao wana namna yao ya kutiwa maji: si lazima yaingie ndani ya pipa, yaweza kuingia katika ishara iliyo juu ya lango, ikabaki pale mwaka mzima, ikawa haisemi neno.