Viwanda Pembezoni, Biashara Katikati: Gharama ya Umbali katika Upangaji wa Jiji la Kigali

Katika upangaji miji, ukuzaji wa viwanda na uendelezaji upya wa katikati ya jiji aghalabu hushughulikiwa kama miradi miwili. Makala haya yanafafanua, kwa kurejelea Kigali, kwamba kwa mkazi wa kipato cha chini miradi hiyo ni uamuzi mmoja, kwani yote miwili hubadili umbali baina ya makazi yake na riziki yake.

Kwa miongo kadhaa, viwanda vya Kigali vilijengwa Gikondo, katika ardhi oevu iliyo karibu na katikati ya jiji. Eneo hilo lilikabiliwa na mafuriko, na ujenzi ulipunguza uwezo wa ardhi hiyo wa kuhifadhi na kuchuja maji. Serikali iliamua viwanda viondolewe, na Ukanda Maalumu wa Kiuchumi wa Kigali ukaendelezwa wilayani Gasabo: hekta 98 katika awamu ya kwanza na 178 katika awamu ya pili.

Katikati ya jiji nako kulitengwa kwa majengo ya kisasa ya biashara. Mnamo 2008, makazi yaliyojulikana kama Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini, yalibomolewa, na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Batsinda, mbali na kitovu hicho.

Sababu za kimazingira za kuondoka Gikondo zina uzito. Suala lililosalia ni la fidia. Sheria ya mwaka 2015 ya utwaaji wa ardhi kwa manufaa ya umma inataka fidia ilipwe ndani ya siku 120 tangu iidhinishwe. Kinga hiyo huhusu mali. Kibarua au mchuuzi aliyezoea kwenda kazini kwa miguu hupoteza ukaribu, na nauli ya kila siku hupunguza fedha za chakula na karo. Mpangaji, asiye na kiwanja wala jengo, hana hata mali ya kuthaminiwa.

Kwa hiyo, tathmini ya mpango kabambe inapaswa kuonesha, kabla ya ubomoaji, nani anahama, anafanya kazi wapi, na nauli itachukua sehemu gani ya kipato chake. Nyumba za kupanga za bei nafuu zitengwe karibu na ukanda wa viwanda, na njia za mabasi zianze kufanya kazi kabla ya familia ya kwanza kuhamishwa.