Unauza pikipiki au baiskeli? Ipige picha ikitembea, ila angalia kwanza swichi ya lenzi

Wadau mnaouza pikipiki, baiskeli na bajaji mtandaoni, leo hii ni yenu. Pikipiki iliyosimama kwa stendi ukutani, mteja wa kwanza anakuuliza nini inboksi? "Inatembea?" Picha ya chombo kikiwa barabarani, chenyewe kimetulia na nyuma yake kumevutika kwa mwendo, inamjibu hata kabla hajauliza.

Picha hiyo inapatikana kwa kukifuata chombo na kamera kinavyopita, wapiga picha wanaita paningi. Shata unaiweka polepole, 1/60 ni pazuri pa kuanzia. Pikipiki ya kilomita 30 kwa saa inasogea kama sentimita 14 katika muda huo. Ukiwa umeshika kamera tuli, hizo sentimita 14 zote ni ukungu juu ya bidhaa yako. Ukiifuata sawasawa, ukungu unahamia kwenye ukuta na miti ya nyuma. Ukipandisha hadi 1/1000 itatoka safi, lakini matairi yataganda na itaonekana kama imeegeshwa tu katikati ya barabara.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Lenzi nyingi zina kituliza mtikisiko: Canon wanaandika IS, Nikon VR, Sony OSS. Ndani kuna vihisi vinavyopima mkono wako unavyocheza, halafu kipande cha kioo kinasukumwa upande wa pili kuufuta mchezo huo. Kazi nzuri, ila chenyewe hakijui nia yako. Unapozungusha kamera kutoka kushoto kwenda kulia kuifuata pikipiki, kinaweza kudhani ni mkono unatetemeka, kikaanza kuvuta kurudi nyuma. Wewe unaenda, lenzi inarudi. Picha inatoka imechafuka na unaanza kumlaumu dereva.

Ndiyo maana lenzi nyingi za Canon na Sony zenye kituliza zina swichi ya modi. Modi ya 1 ni ya kitu kilichotulia, inazuia mtikisiko wa pande zote. Modi ya 2 ndiyo yetu: inaacha mzunguko wa kulia na kushoto uende, inazuia ule wa juu na chini tu. Na ule wa juu na chini ndio unaoharibu, maana ukishasimama muda mrefu mkono unachoka na kuyumba. Kwenye Nikon weka Normal, inatambua yenyewe kwamba unafuata kitu. Active iache, hiyo ni ya mtu anayepiga akiwa ndani ya gari linalotikisika.

Lenzi yako ina ON na OFF tu? Usibishane na watu kwenye komenti. Mwambie dereva apite mara kumi ukiwa umewasha, mara kumi umezima, kisha zikuze picha utazame maandishi ya kwenye tangi. Upande wenye maandishi mengi yanayosomeka ndio wako.

Miguu ielekee pale utakapobofya, kiuno ndicho kigeuke. Anza kuifuata mapema, bofya ikiwa mbele yako, na usisimame ukishabofya, endelea kuifuata kidogo. Ukipata mbili nzuri kati ya kumi, umefanya kazi. Tafuta uwanja au njia isiyo na magari, na dereva avae helmeti; mteja naye anaangalia hilo.

Wa simu, fungua modi ya Pro kama ipo, ndiko unakopata shata. Kituliza cha simu mara nyingi hakina swichi kwenye picha, kwa hiyo kazi kubwa inabaki kwenye kiuno. Tatizo lako ni jua: lenzi ya simu inabaki wazi muda wote, mchana 1/60 itakupa picha nyeupe tupu. Subiri jua likishazama, mwanga bado upo, ISO iweke chini kabisa. Kuna wanaoweka kioo cha miwani ya jua mbele ya lenzi. Kinapunguza mwanga kweli, ila kinaweza kubadilisha rangi, halafu mteja aje kukuambia aliona nyekundu nyingine.

Picha ya mwendo iweke ya kwanza kwenye posti, na nyuma yake zile za kusimama: tairi, injini, dashibodi yenye kilomita, na ule mkwaruzo wa ubavuni uupige kwa karibu. Mwendo unaficha mikwaruzo, na mteja aliyesafiri kutoka Morogoro kuja kuukuta mwenyewe ataondoka na hela yake.