Daftari la Ziwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili la wahenga twalisikia mara nyingi dukani na katika vyama vya ushirika, na maana yake ni wazi: mwenye duka asiyeandika alianza na nini, jioni hawezi kujua kama amepata faida au ameibiwa. Lakini ni wachache wafikirio ya kuwa neno hilo lafaa pia kwa maji, kwa samaki na kwa hewa. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wakubwa kwa wadogo, habari za ziwa moja lenye mali nyingi kilindini, na habari za wataalamu ambao kwa miaka karibu tisini wamekuwa wakiliandikia daftari. Ziwa hilo ni Kivu, na mali yake ni gesi.

Wasomaji wetu wa Kinkondja huenda watauliza: Mambo ya Kivu yatuhusu nini, sisi tukaao ukingoni mwa Kisale? Jibu limo katika maji yenyewe. Maji ya Kivu hutoka kwa mto Ruzizi na kuingia Tanganyika. Kutoka Tanganyika hushuka kwa mto Lukuga, hata kukutana na Lualaba karibu na Kabalo. Na Lualaba ndio mto upitao Kisale na Kinkondja kabla ya kufika huko. Basi maji yetu na maji yao ni ndugu, nayo hukutana njiani yaendapo baharini. Tena jambo lililofanyika Kivu laweza kutufundisha namna ya kulinda maji ya kwetu.

*Ziwa lenye sakafu*

Kisale ni ziwa la kina kifupi. Visiwa vya mafunjo huelea juu yake, na upepo ukivuma, maji ya juu na ya chini huchanganyika upesi. Kivu si hivyo. Liko juu sana milimani, mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kina chake chafika mita 485. Ni mita 60 hivi za juu tu zilizo na oksijeni, na humo ndimo samaki wawezamo kuishi. Wakati wa kiangazi upepo huyakoroga maji hayo ya juu, lakini nguvu zake haziendi mbali zaidi.

Chini ya hapo mambo hubadilika. Maji hayana oksijeni kabisa. Kadiri chombo kinavyoteremshwa, maji huzidi kuwa ya chumvi, na jambo la kustaajabisha ni kwamba huzidi pia kuwa ya moto, maana ziko chemchemi zibubujikazo chini ya ziwa. Maji yenye chumvi ni mazito, kwa hiyo hukaa chini kwa karne nyingi wala hayapandi. Katika kina cha mita 250 hivi upo mpaka ulio kama sakafu ya nyumba ya ghorofa: juu yake maji ya namna moja, chini yake maji ya namna nyingine.

Katika maji hayo ya chini gesi mbili zimeyeyuka, kama vile gesi iliyoyeyuka katika chupa ya limonadi kabla haijafunguliwa. Ya kwanza ni kaboni dioksidi, itokayo hasa katika volkano za nchi ile. Ya pili ni methani, ifanywayo na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hiyo huwaka moto na kuweza kuendesha mitambo ya umeme. Wataalamu wamekadiria kwamba gesi hizo zikitolewa nje, kaboni dioksidi ingejaza kilometa za ujazo zipatazo 300, na methani 60 hivi. Hakuna ziwa jingine duniani lijulikanalo kuwa na mali ya namna hii kwa wingi huo.

*Mali iliyo karibu na hatari*

Watu wa Goma na Sake waijua kaboni dioksidi kwa jina la mazuku. Ni hewa nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hulala mabondeni na mashimoni. Mbuzi huingia asitoke, na mara nyingine mtoto pia. Haina rangi, wala haitoi ishara.

Nchi ya Kameruni iliona msiba mkubwa wa hewa hiyo. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos lilitapika gesi yake kwa ghafula. Gesi ikateremka mabondeni, na watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na maelfu ya ng'ombe. Miaka miwili kabla ya hapo, Ziwa Monoun, katika nchi hiyo hiyo, lilikuwa limewaua watu 37. Nyos ni ziwa dogo sana likilinganishwa na Kivu, na ukingoni mwa Kivu wanakaa watu zaidi ya milioni mbili, katika miji kama Goma, Bukavu na Gisenyi, na katika vijiji visivyohesabika.

Tusiwatie watu hofu bure. Wapimaji wameona ya kuwa katika Kivu nguvu ya gesi zote pamoja ni kama nusu tu ya nguvu ya maji yazikandamizayo. Chupa haijajaa. Lakini neno hilo, kwamba haijajaa, twalijua kwa sababu gani? Kwa sababu wako watu walioteremsha vyombo, wakasoma hesabu, wakaandika.

*Walioanza kuandika*

Katika miaka ya 1935 na 1936 mtaalamu wa Ubelgiji, Hubert Damas, alikuja kuchunguza maji ya Kivu na ya Ziwa Edward. Alipima joto, akapima chumvi, akaandika majina ya viumbe vidogo aliowakuta majini. Wakati huo hakuna kampuni iliyofikiria kuuza gesi ya Kivu. Mwaka 1947 ikaanzishwa taasisi ya elimu ambayo kituo chake kikubwa kilijengwa Lwiro, karibu na Bukavu, na mpaka leo wataalamu Wakongo wafanya kazi huko. Mwaka 1955 mabwana Schmitz na Kufferath wakatoa maandishi juu ya gesi za kilindini, na tangu mwaka 1963 gesi kidogo ilivutwa huko Rubona ili kutumika katika kiwanda cha bia cha Gisenyi. Kisha katika miaka ya 1974 na 1975 Mjerumani Klaus Tietze akapima ziwa kwa uangalifu mkubwa, na hesabu zake zikawa kipimo ambacho wote waliomfuata walikirudia.

Msomaji asidhani ni kazi rahisi. Maji yakivutwa kutoka mita 400, gesi huanza kutoka kama povu la chupa iliyofunguliwa. Afikapo juu, mpimaji aweza kukuta sehemu kubwa imekwisha kutoroka. Ndiyo sababu wapimaji hawakukubaliana sikuzote. Mwaka 2005 wataalamu waliandika ya kuwa methani ilikuwa imeongezeka kwa sehemu 15 katika mia tangu siku za Tietze, na ya kuwa ikiendelea hivyo ziwa laweza kukaribia kujaa katika karne hii. Habari hiyo iliwashtua wengi. Ndipo mwaka 2018 wapimaji kutoka Uswisi, Ujerumani na Ufaransa wakakutana kwenye ziwa lile lile, kila mmoja kwa chombo chake na njia yake, ili walinganishe. Jibu lao, lililotolewa mwaka 2020, lilikuwa la kutuliza mioyo: kiasi cha gesi karibu hakibadiliki.

Hapa twajifunza kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Karani mwaminifu huhesabu mara ya pili, tena humwita mwenzake ahesabu naye.

*Faida iliyoonekana*

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Mto wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani. Watu wote waliuliza swali moja: Je, moto huo umeamsha gesi za chini? Wataalamu wakaenda kwenye maji, wakateremsha vyombo, wakalinganisha na hesabu za zamani. Wakaona ya kuwa matabaka ya chini yenye gesi hayakuvunjika. Bila hesabu za zamani wangekuwa na maneno tu, na maneno hayawezi kumwambia mama mwenye watoto kama arudi nyumbani au akimbie. Mwezi wa Mei mwaka 2021 volkano ililipuka tena, maelfu kwa maelfu wakauhama mji wa Goma, na swali lile lile likarudi.

Mfano wa pili ni wa samaki. Kati ya mwaka 1958 na 1960 samaki wadogo wa Tanganyika walitiwa katika Kivu, maana ziwa hilo halikuwa na samaki wa katikati ya maji. Hao ndio sambaza, ambao leo huvuliwa usiku kwa taa, na chakula chao chatunza jamaa nyingi. Lakini sambaza nao hula. Damas alikuwa ameandika katika daftari lake kijidudu kikubwa cha maji kiitwacho dafnia. Baada ya sambaza kuenea, dafnia huyo hakuonekana tena. Hatusemi kwamba sambaza ni hasara. Twasema tu kwamba, kama Damas asingeandika, hakuna mtu ambaye angejua ya kuwa kitu kimepotea.

*Kabla ya bomba kushuka*

Namna ya kuvuta gesi ni hii. Bomba refu hushushwa mpaka mita 350 hivi. Maji yaanzapo kupanda, gesi hutoka kwa mapovu, na mapovu hayo huyafanya maji mepesi, nayo huendelea kupanda yenyewe. Juu, methani hutengwa, na maji yaliyobaki hurudishwa ziwani. Mtambo mkubwa wa namna hii ulianza kutoa umeme upande wa Rwanda, huko Karongi, na kuzinduliwa mwaka 2016; nguvu zake ni megawati 26.

Shida iko katika kurudisha maji. Maji ya chini yana fosforasi na amonia nyingi, ambazo ni mbolea ya mwani, na tena yana gesi ya sumu inukayo kama yai bovu. Yakimwagwa karibu na uso wa ziwa, mwani utazidi, oksijeni itapungua, na samaki watakufa. Yakirudishwa mahali pasipofaa, sakafu ile ya mita 250 yaweza kudhoofika. Kwa hiyo mwaka 2009 wataalamu wa nchi mbalimbali waliandika kanuni juu ya kina cha kuvutia na kina cha kurudishia.

Lakini kanuni haina meno pasipo kipimo cha mwanzo. Mvuvi akisema, "Samaki wamepungua tangu mtambo ulipokuja," na mwenye mtambo akijibu, "Hapana, ni mvua," nani atawaamua? Ni daftari lililoandikwa kabla ya mtambo kuja: maji yalikuwa safi kiasi gani, oksijeni ilifika wapi, mitumbwi ilileta kilo ngapi za samaki kila usiku, na hewa ya kijijini ilikuwaje. Daftari hilo humlinda mvuvi asidhulumiwe, nayo kampuni isisingiziwe. Nalo yafaa liandikwe na watu wasiolipwa kwa kutoa jibu fulani, tena lisomwe waziwazi mbele ya wananchi.

Jambo hili si la mbali. Mwezi wa Julai mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza kugawa vitalu vya mafuta 27 na vitalu vya gesi vitatu, na hivyo vitatu vyote vi katika Ziwa Kivu. Mnada wa vile vya mafuta ulifutwa mwaka 2024. Mapema mwaka 2025 vita viliingia Goma na Bukavu, na ni vigumu kupima maji kwa utulivu palipo na bunduki. Tena ziwa ni moja na nchi ni mbili, Kongo na Rwanda. Gesi haijui mpaka. Madaftari mawili yasiyokubaliana hayatawafaa wenyeji wa upande wowote.

*Nasi wa Kinkondja*

Kwetu pia daftari lilikwisha kuanzwa. Kati ya mwaka 1946 na 1949 Bwana Gaston-François de Witte pamoja na wasaidizi wake walizunguka Mbuga ya Upemba, wakakusanya na kuandika wanyama, vyura, nyoka, wadudu na majani. Vitabu vyao ni kipimo cha mwanzo cha nchi yetu. Tangu hapo, juu ya mto Lualaba umejengwa ukuta wa maji wa Nzilo, na migodi ya Kolwezi imepanuka. Yote yafanyikayo juu huteremka kwetu pamoja na maji.

Si lazima tungoje wageni wenye vyombo vya thamani. Mwalimu na wanafunzi wake waweza kusimika mti wenye alama penye gati, na kusoma kila Jumamosi maji yamefika wapi. Waweza kushusha sahani nyeupe kwa kamba na kuandika yapotea machoni kwa kina gani, maana wataalamu nao hupima uwazi wa maji kwa njia hiyo hiyo. Waweza kuwauliza wavuvi wamepata samaki wa aina gani, na mizani ikasema uzito. Kazi hiyo yadai uaminifu kuliko elimu: kutoandika yale ambayo hukuyaona, kutoruka juma kwa uvivu, na kutobadili hesabu ili impendeze mtu.

Atakayeanza, aandike kwanza tarehe, saa na mahali. Mengine yatafuata.