Siafu na Safari Zao

Katika vijiji vya Kisarawe na Kibaha jina la siafu lina maana yake mahsusi, ijapokuwa mjini kila chungu aumaye huweza kuitwa hivyo. Majimoto ni chungu wekundu washonao majani juu ya miembe. Sungusungu ni weusi, wakubwa, nao hunuka. Siafu ni wa rangi ya hudhurungi iliyokoza, huwinda pamoja na kuhama pamoja, wala hawana kiota cha kudumu. Ndiyo maana Waingereza waliazima neno la Kiswahili, safari, wakawaita kwalo.

Wakati wa mvua msafara wao huonekana ukikata njia kama kamba nyeusi. Kandokando husimama askari, taya wazi, na katikati hupita wafanyakazi wakibeba mawindo au mabuu. Siafu hawa hawana macho. Hufuata harufu iliyoachwa na waliotangulia. Silaha yao si mwiba bali ni taya, na kwa wingi wao huweza kumwua kuku aliyefungiwa bandani. Kwa hiyo wenyeji wanapovamiwa usiku huwatoa watoto na mifugo, wakawapisha wageni hao. Wakirudi hukuta mende na panya wachanga wamekwisha. Hasara na faida zimeingia kwa mlango mmoja.

Swali lililowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu ni hili: ni nani aamuaye kuhama? Jeshi kubwa namna hii hudhaniwa kuwa na mkuu wake. Mmarekani T. C. Schneirla alianza mwaka 1932 kuchunguza jamaa zao katika misitu ya Panama, naye akaishughulikia kazi hiyo hata alipofariki mwaka 1968. Aligundua kwamba chungu wale hutulia siku 20 hivi, kisha huhamahama siku 15 hivi, na kwamba kinachowachochea si amri ya malkia bali ni mabuu. Mabuu wanapokuwa na njaa, kundi husafiri. Wanapoacha kula ili wageuke kuwa chungu kamili, kundi hutulia.

Lakini kanuni hiyo haikuwafaa siafu wa Afrika. Wataalamu Albert Raignier na Jozef van Boven, waliotoa uchunguzi wao juu ya siafu wa Kongo mwaka 1955, waliona kwamba kundi laweza kukaa mahali pamoja siku chache au miezi kadhaa, pasipo mpango maalumu. Walikadiria kwamba malkia, aliye mkubwa kupita chungu wengine wote wajulikanao, hutaga mayai milioni 3 au 4 kwa mwezi. Hata hivyo yeye naye husafiri katikati ya umati, haongozi.

Malkia huyo hana mbawa maisha yake yote. Dume ndiye arukaye: mdudu mnene, mwenye tumbo refu, ajaye kwenye taa usiku, ambaye watu wengi hawamtambui kuwa ni siafu. Linnaeus mwenyewe, alipomwandika dume wa aina mojawapo mwaka 1764, alimweka katika jamaa ya nyigu. Kundi jipya huzaliwa kwa kugawanyika kwa kundi la zamani, nalo huenda kwa miguu.

Hapo ndipo ilipo hatari yao. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi huko Kisarawe, na Ruvu Kaskazini huko Kibaha, imekatwa sana kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam na mashamba. Ziko aina za siafu zivumiliazo mashamba, lakini si zote. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 juu ya msitu wa Kakamega, nchini Kenya, ulionyesha kwamba Dorylus wilverthi, aina ya msituni, imepungua sana kadiri msitu ulivyokatwa. Wapo na ndege waufuatao msafara ili wale wadudu wanaoukimbia. Siafu wakitoweka, ndege hao nao hukosa riziki. Kundi likifa katika kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba wazi na barabara, hakuna malkia awezaye kuruka aje kulirithi. Sharti iwepo njia ya miguu, yenye kivuli na udongo wa unyevu, itokayo msitu mmoja hadi mwingine.