Presha Bado Nzuri, Damu Inakwisha

Mama amejifungua salama usiku, lakini damu haikatiki. Muuguzi anampima presha: 110 kwa 70. Kifaa cha oksijeni kilichobanwa kidoleni kinaonyesha 98. Namba zote mbili ni nzuri, tena ni za kweli. Ila hakuna hata moja inayosema kama figo, utumbo na misuli ya mama huyo vinapata oksijeni ya kutosha, na hilo ndilo swali litakaloamua kama ataiona asubuhi.

Mtu mzima ana damu ya takriban lita 5. Inapoanza kuvuja, moyo huenda mbio, na mishipa ya ngozi, misuli na utumbo hujibana ili kilichobaki kipelekwe kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe. Hivyo ndivyo presha inavyoshikiliwa mahali pake mpaka karibu asilimia 30 ya damu iwe imepotea, yaani lita moja na nusu. Mjamzito huwa na damu nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo anaweza kuuficha upungufu huo kwa muda mrefu zaidi. Mwili ukichoka kujikaza, presha huanguka ghafla, na wakati huo muda wa kumwokoa umeshakuwa mfupi sana.

Kifaa cha kidoleni nacho kina mpaka wake. Kilitokana na kazi ya mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974, na kimeokoa watu wengi katika vyumba vya upasuaji. Lakini kinachopima ni jambo moja: himoglobini iliyopo kwenye ateri imebeba oksijeni kwa kiwango gani. Fikiria mitumbwi ya dagaa inayotia nanga kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Ukihesabu asilimia ya mitumbwi iliyojaa, unaweza kupata 98 hata kama mitumbwi yenyewe ni michache mno kuulisha mji. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 6 kwa desilita ana nusu ya mzigo wa mwenye gramu 12, na kifaa kitawasomea wote wawili namba ileile.

Ndiyo maana watafiti walianza kutazama upande wa pili, baada ya mzigo kushushwa. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba mwanga wa infraredi ulio jirani na ule mwekundu, wa nanomita 700 hadi 900 hivi, hupenya ngozi na hata mfupa. Himoglobini yenye oksijeni huunyonya mwanga huo tofauti na ile iliyokwisha kuiachia. Kwa hiyo kifaa kinachowekwa juu ya ngozi, mara nyingi kwenye nofu la kiganja chini ya kidole gumba, hurusha mwanga ndani ya msuli, hupokea unaorudi, na kukokotoa oksijeni iliyobaki humo. Hakuna sindano wala kusubiri majibu ya maabara. Damu nyingi inayosomwa hapo ni ya kwenye vena, ile ambayo msuli umeshachukua sehemu yake. Msuli wenye njaa huchukua zaidi, na namba hushuka.

Kwa watu wenye afya namba hiyo huwa karibu asilimia 87. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 kwa majeruhi waliokuwa katika hali mbaya, waliokuwa chini ya asilimia 75 walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya viungo kushindwa kufanya kazi, na ya kufa. Watafiti wengine waliwaweka watu wazima wenye afya kwenye sanduku linalofyonza hewa kuanzia kiunoni kwenda chini, damu ikavutwa miguuni kana kwamba imemwagika. Oksijeni ya msuli ilishuka kabla presha haijatikisika.

Hata hivyo, teknolojia hii haijakomaa. Namba za mtu mzima wa afya na za mgonjwa hupishana kidogo tu, na wakati mwingine hulingana. Mkono wa baridi huipotosha, vivyo hivyo mafuta ya chini ya ngozi na uvimbe, nao uvimbe ni jambo la kawaida kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Kuna suala zito zaidi kwetu: rangi ya ngozi. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kifaa cha kidoleni kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa weupe. Kifaa cha msuli nacho hutegemea mwanga unaopita kwenye ngozi hiyohiyo. Kukileta Mwanza bila kukipima kwanza kwa watu wa Mwanza ni kuwakosea haki wagonjwa wetu.

Tena wagonjwa wa ukanda huu wana yao. Watafiti waliopima sampuli za watoto wadogo 17,200 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, katika kazi iliyochapishwa 2018, waliwakuta asilimia 20.3 wamebeba kinasaba cha selimundu na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe. Ongeza malaria na safura, utaona kwa nini wengi hufika chumba cha kujifungulia damu ikiwa tayari ni pungufu. Kisha kuna kichocho. Mtu anayeingia ziwani miaka nenda miaka rudi, iwe kwa uvuvi, kuchota maji au kufua, anaweza kupata makovu kwenye ini, na mishipa ya koo la chakula ikavimba hadi kupasuka. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, waliochunguza wagonjwa wanaotapika damu waliandika mwaka 2012 kwamba mishipa hiyo ndiyo iliyoongoza kuwa chanzo. Mvuvi wa namna hiyo anaweza kufika akiwa anaongea vizuri, presha yake haina shaka, huku tumbo limejaa damu.

Wakati mwanga ukiendelea kuchunguzwa, zipo njia za bei nafuu ambazo ningetaka zitumike katika kila zahanati. Chukua mapigo ya moyo ya dakika moja, uyagawanye kwa namba ya juu ya presha. Mapigo 120 kwa presha ya 100 ni 1.2, na kwa mama aliyejifungua, kuanzia 0.9 ni dalili ya hatari hata kama kila namba peke yake haitishi. Kipo kifaa cha presha kiitwacho CRADLE, kilichojaribiwa hadi Uganda, ambacho hupiga hesabu hiyo chenyewe na kuwasha taa ya kijani, njano au nyekundu. Bonyeza ukucha uachie: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, damu haifiki vidoleni.

Upo pia mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, unaotandikwa chini ya mama. Katika utafiti wa E-MOTIVE wa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, mfuko huo pamoja na matibabu yote kutolewa kwa mkupuo ulipunguza madhara makubwa ya kutokwa na damu kwa asilimia 60. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mapigo au presha ikishakwenda kombo, matibabu yaanze kwenye mililita 300, badala ya kungoja 500.

Vifaa vipya huwa vinanunuliwa kwanza kwa ajili ya vyumba vya wagonjwa mahututi. Nadhani hapa tungeanzia kwingine. Bugando kuna wataalamu, maabara na benki ya damu jirani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la wagonjwa kutoka Sengerema halisubiri tena kivuko, na mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama unaitikia simu ya bure 115. Lakini Nansio, kisiwani Ukerewe, bado ni safari ya saa kadhaa majini, na kisiwa cha Ukara ni mbali zaidi. Mkunga wa Bwisya, huko Ukara, akijua nusu saa mapema kwamba mama anaishiwa damu, ataita boti mapema, ataanza dawa ya kukaza mji wa mimba, na atatoa asidi ya traneksamiki ndani ya saa tatu ambazo dawa hiyo inasaidia. Majaribio ya kifaa cha mwanga yaanzie kwake.