Juni, tochi huzimwa getini

Mwezi Novemba, Anti huzima tochi ya simu basi likiwa kituo cha tatu. Kuanzia hapo mwanga wa alfajiri unamtosha kusoma majina kwenye daftari lake: nani amepanda, nani mama yake amepiga simu kwamba anaumwa, nani jana yake aliachwa kwa kuchelewa. Mwezi Juni tochi hiyohiyo huwaka njia nzima kutoka Uyole, na huzimwa basi linapoingia getini mwa shule. Dereva ni yuleyule, vituo ni vilevile, kengele inagongwa dakika ileile. Kilichohama ni jua.

Anti ni matroni wa basi la shule jijini Mbeya. Watoto humwita hivyo, wazazi humwita hivyo, na kwa kuwa ameomba jina lake na la shule yasitajwe, nami nitamwita hivyohivyo. Nilimfuata kwa ajili ya habari ya gharama za usafiri wa wanafunzi. Hilo la tochi alilisema kwa kupita tu, huku akihesabu mabegi, na usiku ule sikuwaza tena habari ya gharama. Kama alfajiri inasogea mbali kiasi hicho na kengele haisogei, nani anayelipa tofauti?

Nilianza na nyakati za kuchomoza jua. Tarehe 21 Juni jua hutoka Dar es Salaam yapata saa 12:33 asubuhi. Iringa mjini ni saa 12:49. Mbeya ni saa 1:00 kamili, na anayekaa nyuma ya kilima upande wa mashariki hulisubiri zaidi. Katikati ya Novemba, Mbeya hiyohiyo hulipata saa 12:15. Mwanga unaotosha kusoma bila taa hutangulia jua kwa dakika ishirini na kitu. Sasa chukua safari ya Anti, inayoanza saa 11:30 alfajiri na kuishia getini yapata saa 12:40. Inakaa sawasawa na hesabu: Novemba kunapambazuka akiwa kituo cha tatu, Juni kunapambazuka akiwa anashusha watoto. Mama huyu hajawahi kuona jedwali lolote la jua. Amelipima kwa daftari na betri ya simu, mwaka hadi mwaka, na hakukosea.

Majira yana sehemu yake, maana tuko kusini ya ikweta na Juni ndio wakati wa usiku mrefu. Lakini hata majira yakiwekwa pembeni, Mbeya iko nyuma ya saa yake mwaka mzima. Saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita Aden na jirani na Mogadishu. Tanzania yote iko magharibi ya mstari huo, na kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Kwa wastani Dar es Salaam iko nyuma kwa dakika 23, Iringa 37, Mbeya 46. Kama jua lingeachiwa kuchora ramani, mpaka kati ya saa zetu na saa za Zambia na Malawi ungepita magharibi kidogo ya mji wa Morogoro, na Iringa na Mbeya zote zingeangukia upande wa Lusaka.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende Tunduma. Ukivuka kuingia Nakonde unarudisha saa nyuma kwa saa nzima. Asubuhi ya Juni, saa ya ukutani ikisoma 12:30, mtoto wa Nakonde anatembea kwenda shule jua limeshatoka karibu nusu saa. Mtoto wa Tunduma, saa ya ukutani kwao ikisoma hiyohiyo 12:30, yuko gizani na bado ana zaidi ya nusu saa kabla ya jua. Kati yao kuna mwendo wa dakika chache kwa miguu, na miili yao inafuata jua lilelile. Mababu waliohesabu saa moja kuwa ni saa ya kwanza ya mchana kutimia walikuwa wanalitazama jua. Saa moja ya Mbeya mwezi Juni hutimia mchana ukiwa ndio kwanza unaanza.

Swali ni kama mwili unajali. Huenda ukazoea saa ya ukutani na kuachana na jua. Mtu aliyelifuatilia hili kwa umakini ni Till Roenneberg wa Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian, Munich. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya Wajerumani zaidi ya 20,000 waliojaza dodoso la usingizi wao. Ujerumani yote inatumia saa moja, inaanza kazi na shule kwa ratiba zinazofanana, inatazama taarifa ya habari ileile. Hata hivyo, kadiri mtu alivyoishi magharibi zaidi ndivyo usingizi wake ulivyochelewa, na kiasi cha kuchelewa kilikaribia dakika 4 kwa kila nyuzi ya longitudo, sawasawa na mwendo wa jua. Miji midogo ililifuata jua kwa uaminifu zaidi kuliko majiji, ambako watu hushinda ndani.

Jinsi inavyokuwa inaeleweka. Juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana ndani ya kichwa kuna kishada kidogo cha chembe hai zinazotunza saa ya mwili. Saa hiyo kwa watu wengi huchukua zaidi kidogo ya saa 24 kuzunguka, hivyo isiporekebishwa huchelewa kila siku. Mwanga wa asubuhi ndio unaoivuta mbele. Mwanga wa jioni huirudisha nyuma. Mbeya mwezi Juni inapata hasara pande zote mbili: asubuhi mwanga unachelewa, na jioni jua linazama saa 12:36, karibu dakika 20 baada ya Dar es Salaam, watoto bado wako uwanjani. Wakiingia ndani inawashwa taa, inawashwa televisheni, na kichwa kinaambiwa bado ni jioni. Kulala wanachelewa kwa jua la Mbeya, kuamka wanaamshwa kwa jua la Mogadishu.

Hayo nilimweleza Anti, naye akanisikiliza kwa adabu, kisha akanirudisha kwenye jambo nililolisahau: baridi. Yeye huwashika watoto mikono wanapopanda, hivyo anajua. Juni na Julai joto la alfajiri Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na anasema mtoto aliyetolewa kwenye blanketi saa 11 hafumbui macho hata kama yuko wima. Wanapanda wakiwa wamevaa mizula hadi kwenye nyusi, wanaketi, na kabla basi halijaondoka wamelala tena. Kwa maelezo yake, hao wa Juni hulala midomo wazi, usingizi mzito wa usiku wa manane. Watoto haohao Novemba wanagombania dirisha.

Nilikuwa nikidhani baridi ni adha tu, hadi nilipokumbuka utafiti uliofanyika nchini humuhumu. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasiokuwa na umeme nyumbani. Hawakulala mara tu giza lilipoingia kama wengi tunavyodhania. Kwa wastani walilala saa tatu na zaidi baada ya jua kuzama. Kilichoonekana kuongoza usingizi wao ni joto la hewa. Walilala wakati joto linashuka usiku, na waliamka lilipokaribia kufika chini kabisa, alfajiri kuu. Mtoto wa Uyole anayetolewa kitandani saa 11 anatolewa kukiwa giza, na baridi ingali inazidi. Mwili wake umepewa habari mbili, zote zinasema kulala.

Anti ana neno asilolipenda, nalo ni uvivu. Katika safari yake wapo watoto wanaopanda macho makavu mwezi wowote, na wapo wanaosinzia hata Novemba, na ameona wale wa kundi la pili wakichapwa maneno getini. Anaamini wamezaliwa hivyo. Namuunga mkono, na tena kwa ushahidi wa hapa nchini: mwaka 2017 David Samson na wenzake walieleza jinsi walivyowapima Wahadzabe 33 kwa siku 20, na katika muda wote huo dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wengine hulala mapema, wengine huchelewa, wazee huamka kabla ya vijana. Watafiti waliona humo ulinzi wa kambi: daima kuna jicho moja lililo wazi. Kinachoitwa uvivu kwenye geti la shule huenda kiliwalinda babu zetu na simba.

Kwa vijana wa sekondari hali ni nzito zaidi, kwa kuwa saa ya mwili huchelewa tangu balehe hadi yapata miaka 20. Nikiwa Iringa, mji wa shule na vyuo, nilipita shule moja ya bweni ambako kengele ya kuamka ni saa 11 alfajiri na prepo ya usiku huisha saa 4. Ratiba ya namna hiyo ni ya kawaida mno kwetu. Juni mjini Iringa, saa 11 ni karibu saa mbili kamili kabla ya jua. Mwanafunzi akilala dakika ileile prepo inapoisha, jambo lisilowezekana bwenini, anapata saa 7. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mwalimu mmoja wa pale aliniuliza, bila hasira, kama wanafunzi wa shule jirani nao wangekubali kulala ili wasiwapite kwenye mtihani wa taifa. Sikuwa na jibu, na bado sina.

Hata hivyo, mambo haya yanapimika hadi kwenye matokeo darasani. Mchumi Maulik Jagnani aliichunguza India, nchi pana yenye saa moja kama sisi, na kukuta kwamba pale jua linapochelewa kuzama kwa saa ya ukutani, watoto hulala pungufu, na hatimaye miaka wanayosoma shuleni hupungua. Nchini humohumo kuna suluhisho ambalo ningependa viongozi wa Nyanda za Juu walijue. Mashamba ya chai ya Assam, mashariki ya mbali ambako jua huwahi sana, yana desturi ya tangu enzi za Waingereza ya kuendesha kazi kwa saa yao wenyewe, iliyo mbele ya saa ya taifa kwa saa nzima. Saa ya taifa haikuguswa. Shamba liliamua tu kazi ianze lini. Tunayo mashamba ya chai Mufindi, tunazo halmashauri, tunazo bodi za shule. Sioni kwa nini tuitetee kengele ya saa 1:00 mwezi Julai kana kwamba imeandikwa kwenye Katiba.

Kuhusu nyumbani, Anti ana ushauri wa vitendo ambao sayansi haina la kuukosoa. Anawaambia wazazi televisheni izimwe mapema na taa ya chumbani ipunguzwe, Jumapili mtoto asiachwe kulala hadi saa nne maana Jumatatu ndiye yeye anayempokea, na likizo ya Juni mtoto atolewe nje kupata jua mara linapochomoza. Kwenye basi hufungua mapazia yote upande wa mashariki. Ni kidogo. Anajua ni kidogo, kwa sababu mwanga wenyewe unafika wakati wanashuka.

Hoja yake kubwa ni nyingine. Aliwahi kuuomba uongozi wa shule usogeze kengele kwa nusu saa, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti. Akajibiwa kwamba wazazi wengi wanawahi sokoni na maofisini, na hawawezi kumwacha mtoto peke yake mlangoni akisubiri basi. Jibu hilo analiheshimu. Yeye mwenyewe ni mama na wanawe huwaacha kwa jirani. Hapo akaomba jambo dogo zaidi: njia igeuzwe kila muhula, ili mtoto wa kituo cha kwanza muhula huu awe wa mwisho muhula ujao. Sasa hivi mtoto wa Uyole anaamka saa nzima kabla ya mtoto anayeishi karibu na shule, kila siku, tangu darasa la kwanza hadi la saba. Wanakaa dawati moja, wanapewa mtihani mmoja, na karatasi ya matokeo haisemi nani alipanda basi wa kwanza.

Ombi hilo nalo lina kikwazo. Basi likigeuzwa, watoto wa katikati watakaa humo muda uleule, lakini wale wa mwisho watazungushwa njia nzima kabla ya kufika shule iliyo karibu na kwao, na wazazi wao, wanaolipa kidogo kwa kuwa wako karibu, tayari wamesema hawatakubali. Suluhisho lingine ni kununua basi la pili. Nilipoondoka Mbeya suala la basi lilikuwa limepangwa kwenye ajenda ya kikao cha wazazi, chini ya sare na michango ya chakula, na Anti hakuwa na uhakika kama angeruhusiwa kuingia.